Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Hebu fikiri kidogo kabla hujaendelea kusoma. Ni nani hapa Didia anayejua vizuri namna ndoa za zamani zilivyofungwa? Ni nani anayejua jinsi ng'ombe wa mahari walivyohesabiwa, nani alikaa wapi, na nani alisema kwanza? Ni nani anayejua dawa ambazo mganga alimpa mwanamke asiyepata mtoto? Pengine utamtaja mzee mmoja. Pengine utataja wawili. Banamhala hao wanayo mengi kichwani, lakini hawakuyaandika. Siku mzee mmoja akizikwa, mambo yake huzikwa pamoja naye.

Habari utakayosoma hapa ni ya mtu mmoja aliyeliona jambo hilo mapema. Hakukaa akilalamika kwamba vijana wamepotea. Alichukua kalamu, akaandika maisha ya watu wake tangu kuzaliwa mpaka kufa. Mtu huyo ni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika mwaka 1945. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1980. Hesabu mwenyewe uone ni miaka mingapi. Ni miaka 35.

Kisiwa na watu wake

Ukerewe si mbali sana na kwetu. Ukitoka Didia utapita Shinyanga mjini, halafu utakwenda mpaka Mwanza. Hapo Mwanza utapanda meli, na baada ya saa chache utashuka Nansio. Kama unaogopa maji, unaweza kuzunguka kwa njia ya Bunda, ukavuka sehemu nyembamba ya ziwa kwa kivuko. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria.

Wenyeji wake ni Wakerewe. Lugha yao ni Kikerewe. Lugha hiyo inakaribiana na Kihaya na Kizinza kuliko Kisukuma. Msukuma akiisikia atashika neno moja moja tu. Lakini katika mila utaona mambo mengi unayoyajua. Wakerewe walilima mtama na uwele, walikuwa na migomba, walifuga ng'ombe na mbuzi, na walivua samaki. Sisi tulikuwa na mtemi. Wao walikuwa na Omukama. Omukama alitoka katika ukoo wa Abasilanga. Kama mtemi wa Usukumani, Omukama alitazamiwa alete mvua. Mvua ikikataa, watu walimtazama yeye.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Omukama Lukonge katika utawala, wakamweka Mukaka mahali pake. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka uliofuata, yaani 1896. Alikuwa mtu wa ukoo huo wa watawala. Kwa hiyo mambo ya kwa Omukama hayakuwa mageni kwake. Aliwasikia wazee waliokuwa watu wazima kabla Mzungu hajashika nchi. Lakini tangu siku aliyozaliwa, nchi ilikuwa chini ya watu wengine. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililomfanya aandike.

Miaka kumi Rubya

Mapadri wa shirika la White Fathers walijenga misheni huko Kagunguli, Ukerewe. Kitereza alisoma hapo. Alipobatizwa alipewa jina la Aniceti. Mwaka 1909 alivuka ziwa, akaenda seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya, mkoa tunaouita leo Kagera. Alikaa huko miaka kumi. Alijifunza Kilatini, Kijerumani, Kiswahili na mambo mengine mengi. Ni hapo Rubya ambapo Waafrika Wakatoliki wa kwanza wa nchi yetu walipewa upadri, mwaka 1917. Kitereza hakuwa padri. Mwaka 1919 aliondoka seminari akarudi kwao.

Fikiri elimu aliyokuwa nayo kijana huyo. Wakati ule watu wengi wa visiwani na wa bara hawakujua hata herufi a. Yeye alisoma vitabu vya Warumi waliokufa miaka karibu elfu mbili iliyopita. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kuwadharau watu wa kwao, na wako waliofanya hivyo. Kitereza alijifunza jambo jingine. Aliona kwamba Warumi wanajulikana mpaka leo kwa sababu mambo yao yaliandikwa.

Kitereza na Anna

Mwaka huo wa 1919 Kitereza alioa. Mke wake aliitwa Anna. Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Kitereza na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja.

Wewe ni mtu wa Usukumani, hivyo huna haja ya kuelezwa maana yake. Mtu asiye na mtoto, nani atamwita baba? Nani atamrithi? Nani atalitaja jina lake? Zamani, Ukerewe kama kwetu, lawama zote ziliwekwa juu ya mwanamke. Ndugu wa mume hukaa kikao. Mmoja husema kwa mafumbo, mwingine husema wazi. Shauri lao huwa moja tu: mwanamke huyu arudi kwao, au mume aongeze mke mwingine. Hakuna anayeuliza kama kasoro iko kwa mwanamume.

Kitereza alibaki na Anna. Hakumfukuza, wala hakuoa mwingine. Unaweza kusema kwamba alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa Mkristo. Ni kweli, dini ilimfunga. Lakini wako Wakristo wengi ambao dini haikuwafunga katika jambo hilo. Mimi nadhani alimpenda mke wake. Na ninadhani hivyo kwa sababu ya kitabu alichoandika, kama utakavyoona mbele.

Kwa muda alifanya kazi kwa wafanyabiashara huko Mwanza. Baadaye alirudi kisiwani akafanya kazi misheni, Kagunguli. Huko alifahamiana na padri mmoja kutoka Kanada, jina lake Almas Simard. Padri Simard alitaka kuzijua mila za Wakerewe na lugha yao. Kitereza alikuwa amekwisha kukusanya hadithi, methali na habari za kale za watu wake. Padri alimtia moyo aandike.

Sasa angeandikaje? Angeweza kuandika orodha: mila ya kwanza, mila ya pili, mila ya tatu. Vitabu vya namna hiyo vilikuwapo, na viliandikwa na wageni. Ukivisoma unaona miiko na sherehe, lakini humwoni mtu. Kitereza alitumia njia nyingine. Alitunga hadithi ndefu ya mume na mke, akawaacha waishi. Wanapolima, unajifunza kilimo. Wanapougua, unajifunza uganga. Wanapogombana, unajifunza sheria za ndoa. Naye aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

Mume katika hadithi anaitwa Myombekere. Mke anaitwa Bugonoka. Wanaishi Ukerewe zamani, kabla ya Wazungu kuja. Wanapendana sana, lakini hawana mtoto. Ndugu za Myombekere wanamsimanga Bugonoka. Maneno yao yanawafikia wazazi wa Bugonoka, nao wanakasirika. Wanamchukua binti yao, wanarudi naye nyumbani.

Myombekere anabaki peke yake. Kitereza anaeleza vizuri sana shida ya mwanamume aliyeachwa katika mji wake. Moto umezimika. Maji hayapo. Mwanamume mzima anasaga nafaka na kupika mwenyewe, jambo la aibu kwa mwanamume wa siku zile. Majirani wanapita, wanaona. Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikamwonea huruma.

Basi Myombekere anakwenda kwa wakwe zake kumwomba mke wake. Wewe unajua kwamba mkwe haendi ukweni kama anayekwenda sokoni. Kuna namna ya kuingia uani, namna ya kuamkia, mahali pa kukaa, na wakati wa kusema. Baba mkwe, Namwero, hamkatalii wala hamkubalii upesi. Anakaa na jamaa zake, shauri linasikilizwa, na mwisho Myombekere anatozwa faini. Hatozwi ng'ombe. Anatozwa pombe ya ndizi, mitungi kadhaa, ailete mwenyewe mbele ya wakwe zake.

Huenda wewe wa Didia unaona hiyo ni faini ndogo, maana kwetu pombe ya mtama huchukua siku chache na wanawake ndio wanaoipika. Lakini fikiri jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa. Kwanza ziwepo ndizi, mikungu mingi, iliyokomaa lakini bado mibichi. Shimo huchimbwa na kutiwa joto la moto. Ndizi hupangwa humo, hufunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, zikaachwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha humenywa moja moja. Hutiwa katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi na kukandwa mpaka togwa litoke. Togwa huchujwa. Halafu mtama uliokaangwa na kusagwa hutiwa ndani, na chombo hufunikwa ili pombe ichachuke. Ukikosea siku moja, imekuwa tamu tu, au imekuwa siki.

Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Lazima aombe majirani. Mmoja atoe ndizi zilizopungua, mwingine atoe chombo, wengine waje kukanda, na vijana wabebe mitungi kwenda ukweni. Hapo ndipo utakapoona akili ya faini ile. Ng'ombe mmoja, Myombekere angemtoa zizini kimya kimya, asionekane na mtu. Pombe haina siri. Kila mtu aliyebeba mtungi amejua kwamba Myombekere anamtaka mke wake, na kwamba mke huyo ana thamani. Ndugu zake waliomsimanga Bugonoka wanayaona hayo yote.

Pombe inafika, inanyweka, na Bugonoka anarudi kwa mumewe. Baadaye wanamtafuta mganga anayeitwa Kibuguma. Kitereza anaonyesha jinsi mganga anavyoulizwa, anavyolipwa, na anavyotoa dawa zake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa misheni, lakini hamchezei mganga wala hamtukani. Anamweka katika hadithi kama mtu mwenye kazi yake. Katika miaka ile ya 1940 haikuwa kawaida kwa msomi wa misheni kuandika hivyo.

Mwisho Bugonoka anapata mimba. Anazaa mwana, Ntulanalwo. Baadaye anazaa binti, Bulihwali. Majina hayo ni ya watu waliokwisha kuonja huzuni. Jina Ntulanalwo linasema kwamba mtu huyu anakaa na kifo siku zote. Jina Bulihwali linauliza huzuni itakwisha lini. Hata kwetu mtoto anayezaliwa baada ya misiba hupewa jina la kukumbusha misiba hiyo. Hadithi inaendelea na watoto hao wanavyokua, wanavyofundishwa kazi, wanavyougua, wanavyooa na kuolewa, mpaka uzee.

Sasa rudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Mtu aliyeandika habari hii hakuwa na mtoto. Alikaa mezani Kagunguli, na nyumbani kwake hakukuwa na mtoto wa kumletea maji ya kunywa. Katika kitabu chake alimpa Bugonoka watoto wawili. Na kabla ya kumpa watoto hao, alimfanya Myombekere amfuate mke wake mpaka ukweni, aombe, atozwe, abebe pombe, amrudishe angali hana mtoto. Ndiyo maana nimesema kwamba nadhani alimpenda Anna.

Miaka 35 ya kungoja

Kazi ilikwisha mwaka 1945. Ilikuwa ndefu sana. Kitereza alidhani itachapwa, na watoto wa Ukerewe wataisoma shuleni. Haikuwa hivyo.

Taabu yake ilikuwa lugha. Wenye mitambo ya kuchapa waliuliza: watu wanaosoma Kikerewe ni wangapi? Kitabu kinene namna hii kitanunuliwa na nani? Wamisionari walichapa katekisimu na vitabu vya sala katika lugha nyingi ndogo, kwa sababu vilikuwa vya dini. Hadithi ya mume, mke na mganga haikuwa kazi yao. Padri Simard alijitahidi. Alianza kuitafsiri kwa Kifaransa ili watu wa nje waijue. Lakini padri huyo alikufa, na kitabu kikawa hakijachapwa. Karatasi zikabaki.

Miaka ilipita. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Baada ya muda mfupi utawala wa watemi na Abakama uliondolewa na serikali nchini kote. Kitereza sasa alikuwa mzee. Maumivu ya viungo yalimtesa. Watu wengi walipita karibu na nyumba yake bila kujua kwamba ndani mna kitabu.

Mwaka 1968 walifika Ukerewe mtu na mkewe kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig. Gerald alikuwa akichunguza historia ya Wakerewe. Charlotte alikuwa akichunguza ngoma na nyimbo zao. Huko walifahamiana na Mzee Kitereza. Walipokwenda kwake, waliziona zile karatasi. Waliona mara moja ni kitu gani. Walimshauri aitafsiri kazi yake kwa Kiswahili, maana Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa, na kitabu cha Kiswahili kingepata wasomaji toka Kigoma mpaka Tanga.

Mzee alikuwa amepita miaka 70. Aliketi tena mezani, akaanza upya. Kila neno la Kikerewe alilitafutia neno la Kiswahili. Jaribu wewe kutafsiri kwa Kiswahili majina ya mimea inayoota karibu na nyumba yako, utaona ugumu wake. Yeye alitafsiri majina ya dawa, ya samaki, ya vyombo, ya sehemu za nyumba, na maneno ya heshima ambayo Kiswahili hakina. Mahali pengine aliliacha neno la Kikerewe lilivyo. Ukikisoma kitabu utasikia kwamba Kiswahili chake si cha pwani. Ni Kiswahili cha mtu wa ziwani, na mimi nakipenda hivyo.

Wakati huo huo, nje ya nyumba yake, jambo kubwa lilikuwa likitendeka. Tangu mwaka 1968 mpango wa elimu ya watu wazima yenye manufaa ulikuwa umeanza katika mikoa ya ziwa, na Shinyanga ilikuwamo. Mwaka 1971 wilaya sita nchini zilichaguliwa zifute ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya wilaya nyingine. Ukerewe ilikuwa mojawapo. Akina mama waliokuwa wakilima mihogo walikaa chini ya miti wakishika chaki. Mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya kama hao. Pengine mama yako au bibi yako alilisoma. Wasomaji ambao Kitereza aliwakosa mwaka 1945 walikuwa sasa wanatengenezwa, kijiji kwa kijiji, karibu na mlango wake.

Lakini kitabu bado kilikuwa karatasi.

Kitabu kingine, cha Waigbo

Nikutoe kidogo nje ya habari. Huko Afrika Magharibi, katika nchi ya Naijeria, kuna watu wanaoitwa Waigbo. Mtu wao mmoja, Chinua Achebe, alitoa kitabu mwaka 1958 juu ya maisha ya Waigbo kabla na wakati wa kuja kwa Wazungu. Kwa Kiswahili kitabu hicho kinaitwa Shujaa Okonkwo. Ndani yake utaona jinsi Waigbo walivyopima utajiri wa mtu kwa ghala la viazi vikuu, kama sisi tunavyoupima kwa zizi la ng'ombe. Utaona jinsi mgeni anavyokaribishwa kwa kola kabla ya neno lolote. Utaona watu wasio na mtemi, wanaoamua mambo katika mkutano wa kijiji chote.

Kitabu cha Achebe kilijulikana upesi duniani kote, na ni haki yake. Achebe aliandika kwa Kiingereza, na kilichapwa London. Kitereza alikuwa amemaliza chake miaka 13 kabla ya hapo, kwa Kikerewe. Siwalinganishi ili kusema nani zaidi. Nataka uone tu gharama aliyolipa mtu aliyechagua kuandika kwanza kwa lugha ya jirani zake.

Vitabu kutoka China

Mwisho Shirika la Tanzania Publishing House, la Dar es Salaam, lilikubali kukitoa kitabu. Miaka ile nchi ilikuwa na shida ya karatasi na ya fedha za kigeni. Vita vya kumwondoa Idi Amin vilikuwa vimekula mali nyingi ya taifa. Kwa hiyo kitabu kilipelekwa kuchapwa China. Mwaka 1980 kilikuwa tayari: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

China ni mbali. Vitabu huja kwa meli, hushushwa bandarini, hukaguliwa, hupangwa, ndipo vianze safari ya reli na barabara. Mzee wa Kagunguli alingoja. Alikuwa amezoea kungoja. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 85 hivi, Mzee Aniceti Kitereza alifariki dunia. Hakuwahi kukishika mkononi kitabu chake kilichochapwa.

Baada ya kifo chake, kitabu kilisafiri kuliko yeye. Katika miaka ya 1990 kilitolewa kwa Kijerumani, lugha ya watu waliomwondoa Omukama Lukonge. Kilitolewa pia kwa Kifaransa. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza. Aliyekitafsiri kwa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, naye ni mtu wa Ukerewe na mwandishi wa vitabu. Wasomi wa vyuo vikuu wanakichunguza. Wanasema ni mojawapo ya hadithi ndefu za kwanza kuandikwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki katika lugha ya nyumbani.

Kama kitabu hiki kitafika katika maktaba yenu, au kama kuna ndugu anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam, mwagize akutafutie. Ukikipata usiogope unene wake. Hakikutungwa ili kisomwe kwa siku moja. Someni kwa zamu darasani, kurasa chache kila jioni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mnapofika mahali Myombekere anapokanda ndizi zake, mwulizeni mama aliye mzee kuliko wote darasani jinsi pombe ya mtama ilivyopikwa hapa Didia alipokuwa msichana. Na mmoja wenu awe na daftari.